Majina ya Majira na Uchunguzi wa Tabianchi

Katika uchunguzi wa mabadiliko ya tabianchi ufanywao vyuoni siku hizi, wataalamu wa hewa na wa bahari huwahoji wavuvi na wakulima wa pwani juu ya mvua za zamani. Mtaalamu wa lugha aghalabu huitwa mwisho, kazi yake ikiwa ni kufasiri maswali tu. Kumtumia hivyo ni kosa, maana sehemu ya ushahidi imo ndani ya maneno yenyewe.

Litazamwe neno masika. Katika majedwali ya mvua, masika ni miezi mitatu, Machi hadi Mei, nayo hupimwa kwa milimita. Kwa mwenyeji wa pwani ni majira yafungamanayo na upepo: kaskazi hukoma, huingia tanga mbili, kisha kusi huvuma na mvua hushika. (Pepo hizo ndizo zilizozipa pande za dunia majina yake, kusini na kaskazini.) Basi mzee asemapo kwamba masika yameharibika, yamkini hasemi kwamba maji yamepungua, bali kwamba upepo na mvua haviandamani tena. Mhoji aandikaye kwamba mvua imepungua ameandika jambo asiloambiwa.

Lililo zito zaidi ni hesabu ya siku. Mwaka wa Nairuzi una miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za nyongeza. Jumla yake ni 365, wala hauongezewi siku kila mwaka wa nne. Kwa hiyo Nairuzi hutangulia siku moja kila miaka 4, na katika miaka 60 hutangulia siku 15. Huko Makunduchi, Unguja, ambako Mwaka Kogwa huadhimishwa hata leo, siku hiyo sasa huangukia Julai. Mvua ikija wakati ule ule wa jua, kwa ahesabuye miongo itaonekana imechelewa nusu mwezi, na mchunguzi asiyeijua hesabu hiyo ataihesabu kuwa ni tabianchi.

Hata hivyo mabadiliko yenyewe yapo. Tumbawe la Malindi, ambalo habari za tabaka zake za miaka 194 zilichapishwa mwaka 2000, laonyesha kwamba bahari imeongezeka joto. Na mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka na kufa. Lakini tumbawe halielezi ni siku gani manahodha walizoea kutweka tanga. Hilo huulizwa manahodha wenyewe, na kabla ya jibu kutiwa katika jedwali hapana budi ijulikane kama msemaji alihesabu kwa Nairuzi, kwa mwezi mwandamo, au kwa kalenda ya Kizungu.