Kuunganisha Mashamba: Jina la Nani Limo Kitabuni?

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwenda magharibi, akafika Riruta, Waithaka au Uthiru, huona nyumba za kupangisha zilizosongamana. Ni vigumu kuamini ya kuwa hapo palikuwa mashamba, na ya kuwa Dagoretti ilikuwa katika Wilaya ya Kiambu mpaka ilipotiwa mjini mwaka 1963.

Zamani mzee mmoja aliweza kuwa na vipande kadha wa kadha, kimoja bondeni, kingine kilimani. Mwaka 1954 mpango wa kilimo wa Bwana Swynnerton ulitaka vipande hivyo viunganishwe. Kamati ya wazee ilisikiliza madai. Vipande vikapimwa na kujumlishwa, sehemu ikakatwa kwa ajili ya barabara na shule, kisha mwenyewe akapewa shamba moja. Sheria ya mwaka 1959 ikaimarisha uandikishaji wa jina lake katika rejista.

Faida ilikuwako: mkulima hakupoteza tena siku akitembea kutoka konde hata konde. Lakini kazi hiyo ilianza wakati wa Hali ya Hatari, na watu wengi walikuwa kizuizini. Ahoi, waliolima kwa ruhusa ya mwenye ardhi, waliachwa nje. Wanawake walioandikwa walikuwa wachache mno. Mara nyingi ndugu mmoja aliandikwa kwa niaba ya wote, nao wengine wakaridhika na neno lake. Neno hilo halikuingia kitabuni. Tena, kwa sheria ya mwaka 1963, mahakama haikuweza kusahihisha uandikishaji wa kwanza, hata kama ulipatikana kwa hila.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 iliondoa ukali huo: hati iliyopatikana kwa hila yaweza kupingwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua ya kuwa aliyeandikwa aweza kuwa ameshika ardhi kama amana ya jamaa yake. Lakini amana hutaka ushahidi, na wazee walioona kamba ya wapimaji wanazidi kupungua.

Basi, msomaji, kama shamba la babu lingali katika jina la marehemu, usingoje ugomvi. Twaa nambari ya shamba, upekue rejista, ujue ni jina la nani lililomo. Kisha waketisheni wazee, mwandike wanayoyakumbuka, nao watie sahihi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.