Moshi Jikoni: Hesabu ya Karatasi na Kipimo cha Nyumbani

Vikundi vingi vya akina mama vimechanga pesa kununua majiko bora. Muuzaji akija husema, "Jiko hili hupunguza moshi kwa nusu." Hebu tumuulize: nusu hiyo ilipimwa katika nyumba ya kupikia kama zetu, au ni hesabu ya karatasi tu? Swali hili si la wasomi peke yao. Moshi wa kuni huleta nimonia kwa watoto wadogo, na huharibu mapafu ya mama anayepika.

Hesabu hufanywaje?

Fikiria pipa lenye tundu chini. Ukimimina maji haraka, yanapanda. Ukipanua tundu, yanashuka. Moshi nao ni hivyo hivyo. Wataalamu huuliza mambo matatu: moto hutoa moshi kiasi gani, chumba kina ukubwa gani, na kwa saa moja hewa hubadilika mara ngapi kupitia mlango, dirisha na paa. Kutokana na hayo hukisia moshi utakaobaki chumbani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitumia hesabu ya aina hii katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu moshi wa nyumbani.

Hesabu ina faida. Inatuonyesha kwamba ukiongeza hewa inayopita mara mbili, moshi unaobaki hupungua karibu nusu, hata bila jiko jipya.

Kwa nini kipimo hutofautiana?

1. Kuni. Katika maabara, jiko hujaribiwa na fundi, kwa kuni kavu zilizopasuliwa vizuri. Nyumbani kuna kuni mbichi wakati wa mvua, magunzi, na sufuria kubwa ya githeri inayochemka saa nyingi.

2. Mahali mama alipo. Hesabu huchukulia kwamba moshi umeenea sawasawa chumba kizima. Lakini mama ameinama karibu na moto! Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba 55 huko Laikipia. Waliona kwamba moshi huruka juu sana kuni zinapoongezwa au moto unapochochewa, na wakati huo ndipo mpishi yuko karibu. Ukitazama wastani wa siku nzima peke yake, unapunguza mzigo halisi wa mama.

3. Moto mwingine. Jiko jipya limekuja, lakini mafiga matatu bado yanawaka, taa ya mafuta iko pale pale, na takataka zinachomwa nje.

Funzo kutoka Malawi

Huko Malawi, familia za vijijini ziligawiwa majiko yenye feni ndogo, ambayo katika maabara hutoa moshi kidogo sana. Zaidi ya watoto 10,000 walifuatiliwa. Matokeo yalipotolewa mwishoni mwa 2016, nimonia haikuwa imepungua. Watoto walioungua moto walipungua, na hilo ni jambo jema. Lakini majiko yaliharibika mara kwa mara, na moshi wa kutoka kwingine ulibaki. Hii haina maana kwamba majiko bora ni bure. Maana yake ni kwamba ahadi ya karatasi haitoshi.

Kikundi kifanye nini?

- Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji vipimo vilivyochukuliwa katika nyumba za watu.
- Nunueni majiko machache kwanza, yajaribiwe katika nyumba tofauti.
- Mkipata mtaalamu mwenye kifaa, apime saa 24, kabla na baada ya jiko jipya, katika majira yale yale. Kwa kawaida kifaa hutundikwa mita 1 kutoka kwenye moto, urefu wa mita 1.5 hivi.
- Andikeni kila siku: jiko lipi limetumika, kuni zipi, na moto gani mwingine umewashwa.
- Kausheni kuni, fungueni madirisha, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba zetu, ni nani anayekaa karibu na moshi kwa muda mrefu?
2. Kati ya wenye majiko mapya, ni wangapi bado wanatumia mafiga? Kwa nini?
3. Tunaweza kupunguza nini wiki hii bila kutumia hata shilingi moja?