Lalibela: Usiku malaika, mchana je?

Ukibahatika kufika Ethiopia, usiishie Addis Ababa. Panda hadi Lalibela, ujionee makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba yapata miaka 800 iliyopita. Hapa hakuna jiwe juu ya jiwe, mse. Fundi alianzia paa, akachimba akishuka hadi sakafuni. Akikosea, hakuna kubandika!

Krismasi ya huko, Januari 7, mahujaji waliojitanda mashuka meupe hufurika, wengine wametembea siku kadhaa. Vua viatu mlangoni kama wao, kisha uulize hekaya. Utaambiwa Mfalme Lalibela alipozaliwa alizingirwa na nyuki, ishara kwamba angetawala. Utaambiwa Mtakatifu George alikuja na farasi kulalamika hana kanisa, akachongewa lenye umbo la msalaba. Hata alama za kwato utaonyeshwa.

Ila ile ya malaika kuchonga usiku, isikie hadi mwisho. Hekaya yenyewe inasema mchana walichonga watu. Wanaodai Waafrika hawangeweza kazi hiyo huruka kipande hicho. Wewe usikiruke. Tazama ukutani, alama za patasi bado zipo.