Maumivu Yanayorudi Yatafutiwe Chanzo Kabla ya Dawa

Mwanamke wa Kiboriloni, mkoani Kilimanjaro, anayeumwa chini ya kitovu mara kwa mara hakosi wa kumshauri. Ataambiwa ana chango; angekuwa mwanamume, angeambiwa ni ngiri. Siku hizi wapo pia wanaomwelekeza kwenye Ayurveda, tiba ya kale ya India. Tiba hiyo haistahili kudharauliwa, kwani ina jambo kubwa la kutufundisha. Lakini faida yake kubwa imo katika namna inavyomhoji mgonjwa, na hiyo ndiyo sehemu inayoachwa pale dawa ya unga inaponunuliwa kwa kusikia sifa zake tu.

Ayurveda huueleza mwili kwa nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Sehemu ya chini ya tumbo ni makao ya vata, na upepo wake unaoshuka, apana, ndio unaosukuma choo, mkojo, hedhi na hata mtoto wakati wa kuzaliwa. Ukikwama, maumivu huanza. Mtaalamu aliyefunzwa haanzi na dawa: hushika mapigo, huangalia ulimi, huuliza juu ya choo, hedhi, chakula na usingizi. Ndipo anapoweza kutoa, kwa mfano, hingvashtak, unga wa vitu vinane ambavyo vingi tunavijua jikoni: mvuje, tangawizi kavu, pilipili manga, jira na chumvi ya mawe vimo. Kwa tumbo lililojaa gesi, mchanganyiko huo unaweza kuleta nafuu. Tangawizi nayo imefanyiwa majaribio kwa maumivu ya hedhi, na kadhaa yameonyesha kuwa huyapunguza, ingawa mengi yalihusisha watu wachache.

Hata hivyo, kutuliza si kuponya. Katika wilaya ya Mwanga, mkoa huu huu wa Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta mayai ya kichocho kwenye njia ya uzazi ya wanawake ambao mkojo wao haukuonyesha yai lolote. Kichocho cha namna hiyo huweza kuleta maumivu, kutokwa na damu na hata ugumba, na dawa yake ni prazikwanteli. Mvuje hauwezi kumuua mnyoo anayeleta kichocho. Wala tangawizi haiondoi uvimbe kwenye kizazi, haitibu maambukizi ya mirija, na haiokoi maisha ya mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Wapo watakaosema kwamba bibi zetu walitumia mitishamba na wakaishi. Ni kweli, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inautambua urithi huo. Ila cha asili si lazima kiwe salama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi humdhuru mtoto akiwa bado tumboni, na wanaotafuta dawa za chango wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa.

Wengine watasema hospitali nayo humpa mgonjwa vidonge vya maumivu na kumrudisha nyumbani. Lalamiko hilo ni la haki. Lakini kidonge kilichotolewa bila kutafuta chanzo kina kasoro ile ile ya unga ulionunuliwa bila mgonjwa kuhojiwa. Dawa ya kosa hilo ni kudai uchunguzi kamili, na kutoka Kiboriloni, hospitali za Mawenzi na KCMC haziko mbali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, andika tarehe maumivu yanapoanza, yanadumu muda gani, na kama yanafuata hedhi, chakula au tendo la ndoa. Peleka maelezo hayo kwa daktari, uliza juu ya kipimo cha mkojo, cha mimba na ultrasaundi, na umtajie kila mtishamba unaotumia. Maumivu yakija ghafla na makali, au yakiambatana na homa, kuzimia, kutapika mfululizo au kutokwa na damu, usisubiri chai ya tangawizi ichemke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.