Idara Haipimwi kwa Wingi wa Watu

Wako wazazi ambao, wakitaka kumpeleka kijana wao katika chuo kikuu, huuliza kwanza: idara ile ina wanafunzi wangapi? Wakitajiwa hesabu kubwa huridhika. Wakitajiwa ndogo hukunja uso. Kipimo hicho kina kasoro, na ushahidi wake hauko mbali.

Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kazi katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Kilifundisha fani moja tu, nayo ni Sheria. Wanafunzi wake hawakuzidi 14. Lau mtu angalikipima kwa wingi, angalikidharau. Lakini wakati huo wanasheria Waafrika nchini walihesabika kwa vidole, na idara ile changa ndiyo iliyotwikwa mzigo wa kuwafunza wanasheria wa Afrika Mashariki. Humo alisoma Bi. Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria.

Uchache una faida yake. Mwalimu mwenye wanafunzi 14 husoma kila insha kwa makini. Mvivu hana pa kujificha, wala mwenye akili hasahauliwi.

Hata hivyo, tusije tukaabudu udogo. Idara yenye waalimu wawili hutetereka mmoja wao akiondoka. Idara kubwa yaweza kuwa na bingwa wa sheria ya ardhi, bingwa wa mikataba, na maktaba iliyojaa vitabu. Ubaya huanza pale wanafunzi wanapoongezwa mwaka hata mwaka, ilhali waalimu, vitabu na viti ni vile vile. Hapo wingi si sifa tena, ni msongamano.

Basi, ndugu mfanyakazi, unayetoa jasho lako kulipa ada, uliza maswali yaliyo bora. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Je, insha zao husahihishwa na kurudishwa? Vitabu vyatosha? Na waliohitimu, wanafanya kazi gani, na waajiri wao wanawasifuje? Wahenga walikwisha kusema: wingi si hoja. Chuo hupimwa kwa kile anachokijua kijana siku ya kutoka, si kwa urefu wa foleni siku ya kuingia.