Telekonveta Haimsogezi Chui

Katika Hifadhi ya Serengeti gari halitakiwi kuacha njia. Chui akilala juu ya mwegea kule Seronera, mita themanini kutoka barabarani, utampiga picha kutoka hapohapo. Mwenye lenzi zumu ya milimita 70 hadi 200 atamwona mdogo mno kwenye fremu, na lenzi ya milimita 600 yenye tundu la f/4 huuzwa kwa bei ya gari. Ndiyo maana watu wengi huulizia telekonveta, kipande kifupi chenye vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1830 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow alibuni lenzi ya kutawanya miale ya mwanga ndani ya darubini ili taswira ikue, na watazama nyota wanaitumia hadi leo kwa jina lake. Telekonveta hufuata kanuni hiyo. Inatandaza taswira iliyokwisha kutengenezwa na lenzi, kiasi kwamba sehemu ya katikati peke yake inajaza sensa nzima. Telekonveta ya 1.4x huifanya milimita 200 kuwa 280. Ya 2x huifanya kuwa 400.

Hakuna undani mpya unaoingia kutoka nje. Kila unywele wa chui utakaoonekana pichani ulishanaswa na lenzi kuu. Ni nazi ileile: ukiongeza maji, tui huwa jingi, lakini jepesi. Dosari za lenzi nazo hukuzwa, kuanzia ukungu wa kingo hadi vivuli vya rangi kwenye matawi yanayopakana na anga jeupe. Lenzi iliyokuwa hafifu kidogo kwenye milimita 200 itakuwa hafifu waziwazi kwenye 400.

Mwanga ndio gharama kubwa zaidi. Taswira ikitanuliwa mara 1.4 kila upande, eneo lake huwa mara mbili, kwa hiyo kila sehemu ya sensa hupata nusu ya mwanga. Ikitanuliwa mara 2, eneo huwa mara nne na mwanga unabaki robo. Tundu la f/2.8 linakuwa f/4 kwa telekonveta ya 1.4x, na f/5.6 kwa ya 2x. Tuseme jioni unapiga kwa shuta ya 1/1000 na ISO 800 ukiwa na f/2.8. Ukifunga telekonveta ya 2x bila kupunguza kasi ya shuta, ISO itapanda hadi 3200. Kasi hiyo usikubali kuipunguza ovyo, kwa sababu mtikisiko wa mkono nao umekuzwa maradufu. Laza mfuko wa mchele au maharage kwenye ukingo wa dirisha, uilaze lenzi juu yake, na umwombe dereva azime injini. Mtetemo mdogo wa gari unatosha kuiharibu picha ya milimita 400.

Wenye zumu ya 100 hadi 400 wako pagumu zaidi, maana nyingi kati ya hizo huishia f/5.6 zikivutwa hadi mwisho. Weka ya 1.4x, unapata 560 kwa f/8. Weka ya 2x, unapata 800 kwa f/11. Kamera nyingi za zamani, zile zenye kioo ndani, huacha kulenga zenyewe zaidi ya f/5.6, baadhi hufika f/8, mara nyingi kwa nukta ya katikati tu. Kamera mpya zisizo na kioo hulenga hata kwa f/11, ila mwanga ukififia zinasitasita, na chui hangoji.

Halafu kuna suala la kuoana. Kioo cha mbele cha telekonveta nyingi hutokeza na kuingia ndani ya lenzi, kwa hiyo lenzi isiyo na nafasi nyuma haiipokei. Canon RF 70-200 f/2.8 ya mwaka 2019 haikubali telekonveta. RF 100-500 inaikubali kuanzia milimita 300 tu. Tembo akisogea karibu na gari, huwezi kurudi hadi 100 bila kwanza kuifungua, huku vumbi la kiangazi likielekea moja kwa moja kwenye sensa.

Swali ninaloliona kuwa la haki ni hili: kwa nini usikate tu picha kwenye kompyuta? Kamera ya megapikseli 45, ukikata sawa na 1.4x, inabakiwa na takriban 23, na hapo tofauti na telekonveta ni ndogo. Kamera ya megapikseli 20 inabakiwa na 10, zinazotosha ukurasa wa A4. Ukikata sawa na 2x zinabaki 5 tu. Hapo telekonveta nzuri juu ya lenzi nzuri inashinda.

Iko faida moja ambayo watu huisahau. Umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaweza kulenga haubadiliki. Kinyonga wa Usambara aliye mita moja na nusu mbele yako atakuwa mkubwa zaidi kwenye fremu bila wewe kumsogelea na kumtisha.

Kinyume chake, usitarajie msaada wowote dhidi ya joto. Kufikia saa tano asubuhi hewa juu ya mbuga inatetema, na mazigazi hayo nayo yanakuzwa pamoja na mnyama.

Hukumu yangu ni hii: ya 1.4x kwenye zumu ya f/2.8 au f/4, nunua. Ya 2x kwenye zumu ya f/2.8, kwa mchana wenye mwanga tele. Ya 2x kwenye 100-400, baki na fedha zako. Kabla ya kulipa, nenda dukani na kamera na lenzi yako. Piga bango lililo ng'ambo ya barabara, mara moja bila telekonveta na mara moja nayo, kisha zikuze picha zote mbili hadi herufi zilingane kwa ukubwa. Kama ile ya telekonveta haisomeki vizuri zaidi, irudishe kwa muuzaji.