Haja ya Vinasa Sauti katika Uchunguzi wa Usemi wa Uzaramo

Kibamba ni kata iliyo kando ya barabara ya Morogoro, magharibi ya Dar es Salaam. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Ardhi yake ni ya Uzaramo, walakini wakazi wake wa leo wametoka mikoa mingi. Mwenye kutaka kusikiliza wazee wa huko hana safari ndefu kutoka Mlimani. Lililo gumu ni kupata chombo kifaacho.

Mwaka 1906 Karl Weule alizunguka kusini ya nchi hii na fonografu ya silinda za nta, kitu ambacho joto la pwani hakikipendi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri: mwimbaji ndiye aliyeifuata mashine. Hugh Tracey alipokuja Tanganyika mwaka 1950, mitambo yake ilihitaji gari. Nagra III ya mwaka 1957, na baadaye kaseti ya Philips ya mwaka 1963, ndizo zilizomwezesha mtu mmoja kwenda kwa miguu mpaka barazani kwa mzee.

Leo karibu kila mtu ana simu, na yamkini wengi hudhani haja imekwisha. Haikwisha. Simu inayohifadhi sauti kwa mtindo wa AMR, kama zifanyavyo nyingi za bei ndogo, huchukua vipimo 8,000 tu kwa sekunde. Sauti yoyote ipitayo mitetemo 4,000 kwa sekunde hupotea. Hapo ndipo ulipo mkwaruzo mwingi wa s, f na th. Msikilizaji asiyeyajua mazungumzo hataweza kuapa kama mzee alisema *thamani* au *samani*. Mwandishi atakayeandika moja wapo atakuwa ameandika dhana yake mwenyewe.

Hatari ya pili ni fiche zaidi. Katika usemi wa Mombasa na Lamu, paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi. Je, wazee wa Uzaramo huipambanua tofauti hiyo? Pumzi yenyewe ni ya sehemu ndogo ya sekunde, na simu yenye kuchuja kelele huweza kuifuta, kwa kuidhani upepo.

Si lazima kununua chombo cha gharama. Simu yenye programu ya kuhifadhi sauti isiyobanwa (WAV), ikiunganishwa na maikrofoni ya kubana nguoni, yatosha kwa kazi nyingi. Saa moja ya sauti hiyo, vipimo 44,100 kwa sekunde, huchukua megabaiti 318 hivi. Maikrofoni iliyo karibu na kinywa hushinda kinasa sauti bora kilichowekwa mezani, hasa karibu na barabara iliyopanuliwa kuwa ya njia nane, au chini ya bati wakati wa mvua. (Majogoo hayana dawa.)

Kila sauti iandamane na umri wa msemaji, alikozaliwa na alikolelewa. Mtu wa Kibamba aliyekulia Songea si shahidi wa usemi wa Uzaramo, hata akiwa amekaa huko miaka 40.